Nani Amsemee Marehemu: Ridhaa ya Kutoa Viungo, Lilongwe na Dzaleka

Ridhaa ya kutoa viungo baada ya kifo ni ruhusa ya kuondoa figo, ini, moyo, mapafu, kongosho au konea ya jicho katika mwili wa mtu aliyekwisha kufa, ili vipandikizwe kwa mgonjwa aliye hai. Ugumu wake unajulikana: wakati jibu linapohitajika, mwenye mwili hawezi tena kuulizwa. Kila sheria inayogusa jambo hili hulazimika kuamua neno la marehemu litatafutwa wapi. Ziko nchi zinazolitafuta katika maandishi au kauli aliyoiacha, ziko zinazouhesabu ukimya wake kuwa ndiyo, na karibu zote, hata pale ambapo sheria haidai hivyo, huishia kuwauliza watu wa nyumbani kwake. Malawi haina bado mpango wa kitaifa wa kuchukua viungo kwa maiti. Hiyo ndiyo sababu ya kulijadili suala hili sasa, kwa kuwa kanuni ya ridhaa ikiandikwa baada ya chumba cha upasuaji kuwa tayari, huandikwa kwa haraka na kwa kuwafaa wapasuaji.

Mjini Lilongwe haja yenyewe inaonekana katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, iliyofunguliwa mwaka 1977 na inayohudumia kanda nzima ya kati. Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi husafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kwa juma, kila mara kwa saa kama 4. Anayetaka figo mpya husafiri nje, mara nyingi India, akiongozana na ndugu aliyekubali kumpa moja ya zake. Majirani wamesogea mbele. Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, Hospitali ya King Faisal ya Kigali mwaka 2023, na Mulago ya Kampala Desemba 2023. Huko kote kazi ilianza kwa viungo vya ndugu walio hai. Uganda, hata hivyo, ilikwisha kutunga sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka huohuo wa 2023, ikaweka baraza la kuusimamia, na kuwahusisha watoaji walio hai na waliokufa pia. Njia ya kawaida ni hii: huanza kwa ndugu aliye hai, halafu hufika kwa maiti. Malawi nayo ikianza, itafika huko.

Bila kuelewa jinsi mtu anavyotangazwa kuwa amekufa, mjadala wa ridhaa huelea hewani. Figo, ini na moyo havifai kama damu imekwisha kusimama kwa muda mrefu. Moyo uliotolewa hudumu saa 4 hadi 6 tu kwenye barafu, figo huvumilia siku nzima au zaidi kidogo. Kwa hiyo mtoaji wa kawaida ni mtu ambaye ubongo wake umekufa, ilhali mashine ya kupumulia inaendelea kumpa hewa na moyo wake bado unapiga. Kipimo hiki cha kifo kilipewa sura yake ya kitabibu na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968. Daktari humulika mboni za macho kwa tochi aone kama zitasinyaa. Hugusa konea kwa uzi wa pamba aone kama kope zitapepesa. Humimina maji baridi sikioni aangalie kama macho yatasogea. Mwisho huitenga mashine kwa dakika 8 hadi 10, hewa ya oksijeni ikiendelea kupitishwa kwa mrija, na kifua kikitazamwa kwa makini. Kifua kisipoinuka hata kidogo wakati hewa chafu imejaa damuni, mtu huyo amekufa, ingawa kifuani bado kuna mapigo na ngozi ni ya moto. Katika nchi zenye utaratibu mzuri vipimo hivi hufanywa na madaktari wawili ambao hawana kazi yoyote katika timu ya upandikizaji.

Konea ni habari nyingine. Huweza kuondolewa saa kadhaa baada ya moyo kusimama, haihitaji mashine ya kupumulia, na uso hubaki na sura yake. Katika nchi yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi kama Malawi, kuna kila sababu ya kudhani kwamba kiungo cha kwanza kuombwa kwa maiti kitakuwa jicho. Jamaa watakaoombwa hawatakuwa mbele ya mashine inayovuma, watakuwa mlangoni mwa chumba cha maiti, gari la kubeba jeneza likiwasubiri nje.

Afrika iko ndani ya historia hii tangu miaka yake ya mwanzo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, timu ya Christiaan Barnard ilipandikiza moyo wa mtu kwa mtu mwingine kwa mara ya kwanza duniani. Moyo ulikuwa wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari pamoja na mama yake. Mama alifia papo hapo. Aliyeulizwa ni baba, Edward Darvall, aliyekuwa amempoteza mkewe saa chache kabla, na alijibu ndiyo baada ya kufikiri kwa dakika chache tu. Hakukuwa na kadi, daftari wala wosia. Ridhaa ya moyo huo wa kwanza ilitoka kwa jamaa aliyefiwa, na mpaka leo ridhaa nyingi hupatikana hivyohivyo.

Utaratibu wa kwanza kisheria ni ridhaa ya kutamka, ambapo hakuna kinachoguswa mpaka mtu mwenyewe alipokuwa hai au jamaa zake baada ya kifo waseme ndiyo. Ndio unaotumika Afrika Kusini chini ya Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003. Kifungu cha 62 kinamruhusu mtu atoe mwili au kiungo chake kwa wosia, kwa hati aliyotia saini mbele ya mashahidi wawili, au kwa maneno ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Ruhusa hiyo ya maneno ya mdomo ni ya thamani kubwa kuliko inavyoonekana, maana humpa mtu asiyejua kusoma haki sawa na ya wakili. Asiposema lolote, kifungu kinataja watu watakaomsemea kwa kufuatana: mke au mume, mwenzi, mtoto aliyekomaa, mzazi, mlezi, kaka au dada. Marekani na Ujerumani nazo zinafuata ridhaa ya kutamka.

Utaratibu wa pili ni ridhaa ya kudhaniwa. Mtu huhesabiwa kuwa mtoaji isipokuwa amekataa. Hispania iliuweka katika sheria mwaka 1979, Ubelgiji 1986, ukaanza kutumika Wales tarehe 1 Desemba 2015, Uingereza Mei 2020, Uskoti Machi 2021. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: watu wengi wakiulizwa husema wangependa kutoa, lakini wachache hujaza fomu, basi sheria iuelemee upande wa wengi. Mwaka 2003 watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walionyesha kwamba walioandikishwa au kudhaniwa kuwa watoaji walikuwa asilimia 12 nchini Ujerumani na zaidi ya asilimia 99 nchini Austria, nchi mbili zilizopakana na zenye lugha moja. Tofauti hiyo imenukuliwa mno katika mabunge. Inachokionyesha ni kwamba watu hawajazi fomu. Haionyeshi kwamba maiti wengi zaidi hutoa figo.

Hispania yenyewe ndiyo shahidi. Kwa miaka 10 ya mwanzo sheria yake haikuleta mabadiliko makubwa. Mambo yaligeuka mwaka 1989 ilipoundwa taasisi ya taifa ya upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz, ambayo iliweka katika kila hospitali daktari wa wagonjwa mahututi mwenye kazi ya kumtambua mtoaji mapema na kuzungumza na jamaa zake kwa utulivu. Jamaa huulizwa daima, na wakikataa hakuna kinachoondolewa. Mwaka 2023 nchi hiyo ilipata watoaji karibu 49 kwa kila watu milioni moja. Marekani, yenye ridhaa ya kutamka, ilipata karibu 48. Kwa upande mwingine, jamaa waliokubali katika Ufalme wa Muungano walikuwa asilimia 68 mwaka 2019/20, kabla ya sheria mpya ya Uingereza, na miaka minne baadaye walikuwa asilimia 61. Kipindi hicho kilipitiwa na korona, hivyo si haki kuibebesha sheria lawama yote. Lakini anayedai kwamba kuugeuza ukimya kuwa ndiyo kunatosha kuongeza figo hana takwimu za kumtetea.

Brazili inaonyesha hatari ya kinyume. Sheria ya Februari 1997 iliwafanya raia wote kuwa watoaji isipokuwa wale walioandikiwa kwenye kitambulisho kwamba hawatoi. Watu wakapanga foleni kuandikisha kukataa kwao, hasa kwa hofu kwamba maskini wangeachwa wafe mapema hospitalini. Mwaka uliofuata serikali ililazimika kurudisha ruhusa ya jamaa. Singapore ilichukua njia ya uangalifu zaidi: sheria yake ya mwaka 1987 ilipodhania ridhaa ya wote, iliwaacha Waislamu nje, wakabaki wakiandikishwa kwa hiari hadi mwaka 2008. Miaka 20 na zaidi ilitumika kuzungumza na jumuiya moja. Hiyo ni siasa ya afya iliyofanywa kwa heshima.

Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 2020 ina kipengele ambacho kwa mjadala huu ndicho cha maana kuliko vyote. Hata pale ambapo ukimya umehesabiwa kuwa ndiyo, wako watu ambao ukimya wao hauhesabiwi: watoto chini ya miaka 18, watu wasio na uwezo wa kuelewa sheria, watu ambao hawajaishi nchini kwa miezi 12, na wale ambao hawapo hapo kwa hiari yao. Msingi wake ni thabiti. Huwezi kusema mtu amekubali kwa kunyamaza kama hakupata nafasi ya kusikia anachokinyamazia, wala kama hakuchagua kuwa chini ya sheria hiyo.

Msingi huo unaigusa moja kwa moja Dzaleka, iliyo wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za utawala wa Rais Kamuzu Banda, pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Mahali palipokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 sasa pana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo ya mashariki, wengine Burundi na Rwanda, na wachache Somalia na Ethiopia. Kiswahili ndiyo lugha ya soko, ya kanisa na ya redio ya jumuiya. Malawi iliukubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 kwa kuweka pingamizi katika baadhi ya vifungu, kikiwemo cha uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 wakimbizi waliokuwa wamejijengea maisha mjini Lilongwe walikusanywa na polisi na kurudishwa kambini. Mtu aliyezaliwa Dzaleka na kufikisha miaka 30 hapo hapungukiwi miezi 12 ya ukaazi. Kinachopungua ni ile hiari. Endapo Malawi itafikiria siku moja ridhaa ya kudhaniwa, wakazi wa Dzaleka wasihesabiwe ndani yake, na hili liandikwe katika sheria yenyewe badala ya kuachiwa busara ya zamu ya usiku hospitalini.

Ridhaa ya kutamka nayo haiwi rahisi kwa kuhamia kambini, kwa sababu swali la nani amsemee marehemu linakuwa zito. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao kila sehemu yake ni ya kawaida Dzaleka. Mwanamume Mbembe kutoka Fizi, Kongo ya mashariki, anagongwa akiwa kwenye pikipiki barabara ya Dowa. Anapokewa katika kituo cha afya cha kambi, anapelekwa hospitali ya wilaya, kisha Hospitali Kuu ya Kamuzu, na siku ya tatu ubongo wake unapimwa na kukutwa umekufa. Mke aliye naye aliolewa kambini mbele ya mchungaji, mahari haijamalizika, cheti hakuna. Kaka mkubwa yuko kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Baba yuko Baraka, huko Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, simu yake hupatikana jioni tu. Binti wa ndoa ya kwanza amehamishiwa Marekani. Kwa orodha ya Afrika Kusini wa kwanza kuulizwa ni mke. Kwa desturi ya nyumbani kwao, neno juu ya mwili ni la ukoo wa baba, na mke ambaye mahari yake haijakamilika akitoa figo za mume ataulizwa siku zote za maisha yake aliziuza kwa bei gani. Muuguzi wa Lilongwe anamweleza mke habari za kifo cha ubongo kwa Kichewa na Kiingereza. Mkalimani ni kijana wa jirani aliyefuata kusaidia kubeba mizigo. Akisema kwamba shemeji bado anapumua kwa mashine, mke atasikia kuwa mumewe yu hai, na ombi linalofuata litakuwa ombi la kumuua.

Wala tatizo hili si la wageni pekee. Wachewa wa Dowa na Lilongwe hufuata ukoo wa mama. Mwenye neno katika msiba ni mjomba, mwini mbumba, anayewasimamia dada zake na watoto wao, na mume aliyehamia kijijini kwa mkewe mara nyingi hurudishwa kuzikwa kwa wajomba zake. Mjomba hayumo kabisa katika orodha ya Afrika Kusini. Sheria inayonakiliwa kutoka Pretoria au London ingemruka mtu ambaye bila yeye kaburi halichimbwi. Mkataba wa wakimbizi, katika kifungu cha 12, unasema hali binafsi ya mkimbizi huongozwa na sheria ya nchi anakoishi, na kwamba haki alizokwisha kuzipata, hasa za ndoa, ziheshimiwe. Haulitatui suala la nani amsemee maiti, lakini unazuia jambo moja: ofisa asiifute ndoa ya mtu kwa sababu tu cheti kiliungua Uvira, Kongo.

Suluhisho lililo karibu ni kumwacha mtu amtaje msemaji wake akiwa hai. Nchi kadhaa zinaruhusu mtu kumteua mwakilishi atakayeamua kuhusu viungo vyake, na Wales na Uingereza ni kati ya hizo. Kwa Dzaleka utaratibu huu ungefaa kuliko orodha yoyote. Anayemwamini mkewe amtaje mkewe, anayemwamini mzee wa jumuiya ya watu wa Fizi amtaje huyo, na asiyetaka kuguswa aseme hivyo na asikilizwe. Kukataa kuandikwe kwa wepesi uleule wa kukubali. Mashahidi wawili na maneno ya mdomo kwa lugha yake vitoshe.

Liko kundi lisilo na msemaji hata mmoja, na hapa sheria nyingi hukosea. Kifungu kilekile cha 62 cha Afrika Kusini kinasema kwamba jamaa wasipopatikana baada ya kutafutwa, mkurugenzi mkuu wa afya anaweza kutoa kiungo cha marehemu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika azimio lake la Jeddah la Februari 1988, liliruhusu kuchukua kiungo cha maiti kwa idhini yake mwenyewe kabla ya kufa, au ya warithi wake, au ya kiongozi wa Waislamu ikiwa maiti hajulikani au hana warithi. Asili mbili zilizo mbali kabisa zimefika mahali pamoja, kwamba asiye na mtu ni wa dola. Na upande wa elimu ya tiba, hadithi ni ya zamani zaidi. Sheria ya Anatomia ya Uingereza ya mwaka 1832 iliwapa wanafunzi wa udaktari miili isiyodaiwa na mtu, ambayo mingi ilitoka katika nyumba za maskini. Malawi ilipata Sheria ya Anatomia mwaka 1990, chuo chake cha kwanza cha udaktari kikafunguliwa Blantyre mwaka 1991. Utafiti wa Hope Gangata na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vyuo vingi vya udaktari barani Afrika hutegemea miili isiyodaiwa. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilipendekeza mwaka 2012 kwamba itumike miili iliyotolewa kwa hiari tu.

Mwili wa mkimbizi una hatari kubwa kuliko wa mwenyeji ya kuitwa usiodaiwa, na mara nyingi sababu ni nauli tu. Jamaa wapo, lakini wako nchi tatu tofauti. Majirani wa Dzaleka huchangishana rambirambi, hukodi gari, hufuata maiti Lilongwe, na kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa kabla fedha hazijatimia. Siku hizo zisihesabiwe kuwa ni dalili ya kutelekezwa. Palipo na kambi, kutokuwapo kwa jamaa kunapaswa kuwa sababu ya kuuacha mwili kama ulivyo. Mgonjwa wa figo atapoteza nafasi moja, na hasara hiyo ni ya kweli. Lakini habari kwamba serikali hukata viungo vya wakimbizi wasio na ndugu ikienea mara moja tu, zitapotea nafasi za miaka mingi.

Hofu ya namna hiyo haihitaji kubuniwa. Pwani ya Waswahili imeishi na mumiani kwa vizazi, watu wanaosemwa kunyonya damu ya wengine kwa ajili ya dawa. Kusini mwa Malawi wanaitwa anamapopa, na Septemba na Oktoba 2017 uvumi wao huko Mulanje na Phalombe ulisababisha watu kuuawa na makundi ya wananchi wenye hasira, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo. Tena si uvumi mtupu unaoilisha hofu hiyo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2014 watu wenye ualbino nchini Malawi wametekwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao, na makaburi yao kufukuliwa, hata mwaka 2016 Bunge likazirekebisha Sheria ya Anatomia na kanuni za adhabu na kuweka kifungo cha hadi maisha kwa makosa ya kumiliki na kuuza viungo vya binadamu. Mwaka 2022 polisi ya Malawi na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu walifichua mtandao wa biashara ya watu ndani ya Dzaleka yenyewe. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya figo. Mkazi wa Dzaleka anayesita kusikia habari za kutoa viungo anaijua nchi anamoishi na jirani zake vizuri. Kumwita mjinga au mshirikina ni kumkosea.

Dini hazileti kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu utoaji wa viungo katika waraka wa mwaka 1995 na tena mbele ya wataalamu wa upandikizaji Agosti 2000, akisisitiza ridhaa iliyotolewa kwa kujua. Baraza la maulamaa wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu mwaka 1982. Kinachowagusa zaidi waumini ni muda: Mwislamu huzikwa mapema iwezekanavyo, na hospitali inayoshikilia mwili kwa siku mbili huku ikijadili fomu itakuwa imemkosea hata yule aliyekubali.

Mahali pa kuulizia ni muhimu sawa na swali lenyewe. Nchi kadhaa huuliza mtu anapochukua leseni ya udereva. Mtu angeweza kupendekeza Dzaleka waulizwe wanapojiandikisha au kuhakikiwa, kwa kuwa kila mtu hupita mezani hapo. Lisifanyike kamwe. Meza hiyo ndiyo inayoamua jina litabaki katika orodha ya mgao wa msaada, na ndipo pia yanapoanzia mafaili ya kuhamishiwa nchi nyingine. Anayesimama mbele yake na watoto wanne atasema ndiyo kwa lolote atakaloulizwa, akitumaini ndiyo hiyo itaonekana kwenye faili. Ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Bora swali liulizwe katika mikutano ya jumuiya, makanisani na misikitini, redioni kwa Kiswahili na Kirundi, na baadaye kwenye kituo cha afya, na muuguzi au mkunga anayeaminika, kwa faragha, bila karatasi yoyote yenye namba ya mgao. Jibu lihifadhiwe na hospitali, lisiingie katika kumbukumbu za ukimbizi, na libadilishwe siku yoyote kwa neno moja.

Jambo la haki ya kupokea haliwezi kuachwa. Mkimbizi asiyeruhusiwa kuishi Lilongwe, asiye na hati ya kusafiria kwenda India, hana njia ya kupata figo hata akiwa na ndugu wa kumpa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 inadai viungo vigawiwe kwa usawa na kwa vigezo vya kitabibu. Israel ilikwenda mbali zaidi mwaka 2008, ikampa aliyejiandikisha kutoa nafasi ya mbele akihitaji kupokea. Si lazima Malawi iige hilo. Ila mkazi wa Dzaleka akiingizwa katika orodha ya wanaoweza kutoa, jina lake lazima liweze kuingia katika orodha ya wanaosubiri, kwa masharti yaleyale ya mgonjwa wa Area 25 au Kawale mjini Lilongwe. Pasipo hilo, ombi lenyewe lisipelekwe kambini.

Mwisho ni watoto. Mzazi huweza kuridhia kwa niaba ya mtoto wake aliyefariki, na katika nchi zenye uzoefu wazazi wengi hufanya hivyo kwa moyo mzito na hawajutii. Dzaleka ina watoto waliofika bila wazazi, wanaolelewa na familia zilizowapokea au na ndugu wakubwa wenye miaka 17. Mlezi wa namna hii ana haki ya kumpeleka mtoto hospitalini na kukubali apasuliwe ili apone. Haki hiyo isinyooshwe mpaka kwenye viungo vya mtoto aliyekufa, kwa kuwa shirika la Msalaba Mwekundu linaweza kuwa bado linamtafuta mama yake Kongo, na akipatikana, yeye ndiye wa kuulizwa.